Kiraka Kizuri Mno

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeanza kazi. Ni kibarua cha miezi mitatu tu cha kusubiria matokeo ya mtihani, lakini Mama ameniamsha mapema kana kwamba naenda kuapishwa. Sketi amenishonea mwenyewe jana, kwa kitambaa kilichobaki kwenye sare za wateja wake. Mjomba ni tarishi wa manispaa mwaka wa kumi na tisa sasa, na anajua kila mlango wa jengo lile unavyolia. Amenipeleka hadi chumba cha mwisho kabisa, akabisha, akasema, "Huyu ndiye yule mpwa wangu. Hasemi, lakini anaandika."

Mwanamke aliyekuwa nyuma ya meza alinitazama juu ya miwani. Ndiye mkaguzi wa majengo.

"Afadhali," alisema. "Wanaosema tunao wa kutosha."

Kazi yangu ni kumfuata anakokwenda, kuandika anachokagua, na kupanda ngazi badala yake, maana goti lake la kulia limegoma kupanda. Amenipa sharti moja: niandike nilichokiona, si nilichoambiwa wala ninachodhani. Nitajaribu kulishika sharti hilo hata humu, ingawa humu nitadhani kidogo.

Namshukuru Mjomba. Sikuweza kumwambia ahsante mbele ya watu, nilitazama viatu vyake tu. Natumaini alielewa.

Jumanne, 4 Machi

Nimepanga mafaili. Nimepiga chafya mara kumi na moja kwa vumbi, na Mkaguzi ameniombea afya mara zote kumi na moja.

Alhamisi, 6 Machi

Leo tumekwenda kwenye ukuta wa Fundi Mkuu.

Faili lake ni nene kuliko yote. Mjomba anasema ameshapeleka notisi mbili pale, na zote mbili zimerudi na alama ya saruji juu yake, kana kwamba mtu alizitumia kufutia mwiko. Mwenyewe ni mwashi mstaafu. Nusu ya waashi wa mji huu wamejifunza kwake, ndiyo maana watu wote, hata wale wasiompenda, humwita Fundi Mkuu.

Ukuta uko kando ya uchochoro unaotoka kwetu kwenda sokoni. Nimepita chini yake maisha yangu yote na sikuwahi kuutazama. Una urefu wa watu wawili waliopandana, na juu kabisa matofali yamepangwa kwa matundu, nyota na almasi, kazi ambayo sijaiona kwingine. Zamani watu waliotaka kujenga waliletwa kwanza kuutazama ukuta huo, ndipo wakubaliane bei. Lakini umelala upande wa njia, na una ufa unaopanda kutoka chini hadi kwenye zile nyota. Nimepima ufa kwa mkono: ncha ya kidole changu kidogo inaingia, hadi kwenye kucha.

Fundi Mkuu alitoka na kofia yake kichwani na kijiko cha chai mkononi.

"Shikamoo mzee," alisema Mkaguzi.

"Marahaba. Kabla hujafungua mdomo, ile methali ya ufa na ukuta usiniletee. Kila mkaguzi huanza nayo. Wa kwanza nilicheka, wa pili nilinyamaza, wewe wa tatu nitakufungia mlango."

"Sina methali leo, mzee wangu. Nina notisi."

"Basi afadhali methali."

Mkaguzi alimweleza kwa upole. Watoto wa chekechea wanapita pale, wachuuzi wanapita pale, mvua za masika zinakuja. Sheria inamtaka mwenye kiwanja autengeneze ukuta au auondoe.

"Umelala, ndiyo," alisema Fundi Mkuu. "Hata mimi nimelala, nina miaka sabini na minne. Mbona hamjaniletea notisi ya kunibomoa?"

Kutoka ndani sauti ya mkewe ikasema, "Wangeileta kwangu, ningetia sahihi."

Nilicheka. Sikukusudia. Fundi Mkuu alinigeukia na nikatamani ardhi inimeze.

Njiani Mkaguzi alinieleza kwamba kulala si hoja, ukuta unaweza kulala miaka mia. Hoja ni kama unatembea. Ukithibitika kuwa unatembea, manispaa ina haki ya kuuangusha hata mwenyewe akikataa. Usipothibitika, ana haki ya kukata rufaa na kukaa nao hadi mvua ziishe.

"Na tutajuaje kama unatembea?"

Ni swali la kwanza nililomwuliza tangu Jumatatu. Alisimama kabisa njiani, akatabasamu. "Kesho," alisema.

Ijumaa, 7 Machi

Tunaweka mashahidi. Ndivyo Mkaguzi anavyoviita viraka hivi. Unakoroga saruji nyeupe kidogo, unapaka kiraka kama kiganja cha mtoto juu ya ufa, kikiwa kibichi unachora tarehe juu yake kwa msumari. Saruji ikikauka haivutiki. Ukuta ukisogea hata unene wa uzi, kiraka kinapasuka. Hakiwezi kusema uongo, kwa kuwa hakiwezi kusema lolote. Nimempenda sana shahidi wa aina hiyo.

Nilipanda ngazi mimi. Kiraka cha juu, cha kati, cha chini. Sikuwahi kushika mwiko. Saruji ilinidondokea kwenye sketi mpya, na viraka vyote vitatu vilitoka na vitundu vya hewa, kingo zimekatika, na kile cha kati kina alama ya kidole gumba changu kabisa.

Fundi Mkuu alikuwa amekaa kwenye kigoda akitazama. Alivumilia hadi kiraka cha pili.

"Binti, hayo ni mambo ya uashi au unapaka siagi?"

Niliendelea kupaka.

"Nakuuliza kwa sababu mimi ndiye nitakayeyatazama kila siku nikienda kuoga."

"Mwache mtoto," mkewe alisema. "Kwani wewe ulizaliwa na mwiko?"

"Ndiyo," alisema Fundi Mkuu.

Jumatatu, 10 Machi

Joto. Mama ameitoa saruji kwenye sketi kwa kisu cha mezani na subira. Ahsante Mama.

Ijumaa, 14 Machi

Ukaguzi wa kwanza. Viraka vyote vizima, hakuna hata mstari wa unywele. Nimeandika kwenye fomu: *Havijapasuka*, nikatia sahihi. Ni sahihi yangu ya kwanza kwenye karatasi ya serikali. Nimeifanyia mazoezi jana nyuma ya daftari hili na bado imetoka kama mnyoo.

Nimefurahi pia kwamba viraka vyangu vimependeza kuliko nilivyodhani. Nadhani saruji ikikauka hujinyoosha yenyewe.

Fundi Mkuu alinishikia ngazi. Sikumwomba. Alisema hataki msichana wa watu aanguke kwenye ua wake halafu aletewe notisi ya hilo nalo.

Jumanne, 18 Machi

Mvua ya kwanza, ya dakika kumi. Nimemwambia Mama apitie barabara kubwa anapokwenda sokoni. Akasema barabara kubwa ni dakika ishirini zaidi, na mfuko wa vitambaa hauna magurudumu. "Si umesema mwenyewe viraka ni vizima?" Ni kweli, nimesema.

Ijumaa, 21 Machi

Ukaguzi wa pili. Mvua imenyesha siku tatu mfululizo. Vizima. Nimetia sahihi. Mkaguzi alisimama kwenye uchochoro, mikono kiunoni, akiuangalia ukuta kama mtu anayemwangalia mkwe asiyemwamini. "Haya," alisema mwishowe. "Shahidi akisema, mimi ni nani?"

Mke wa Fundi alitupa chai. Fundi alinishikia tena ngazi, na niliposhuka alinionyesha kwa kidole zile nyota za juu, akanieleza jinsi ya kukata tofali pembe bila kulivunja: unaligonga mara tatu kidogo kidogo, kama unabisha hodi kwa mtu mwenye hasira. Nilimwona tofauti leo. Nadhani mtu akikaa miaka yote akitengeneza nyumba za wengine, halafu aambiwe kitu kimoja alichojijengea mwenyewe ni hatari, lazima roho iume. Nimeanza kutamani ashinde.

Jumatatu, 24 Machi

Amekata rufaa. Mjomba ndiye aliyeipokea barua, yenye mwandiko mzuri na saruji kidogo kwenye kona. Kamati itakaa tarehe nane mwezi ujao. Ushahidi wake mkuu ni fomu zangu mbili.

Ijumaa, 28 Machi

Sijui nianzie wapi. Nitaanza na nilichokiona.

Mkaguzi alikuwa na mkutano, akanituma peke yangu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, uchochoro wote ni tope. Fundi Mkuu hakuwepo, mkewe alisema ameenda kununua sukari. Nikasimika ngazi mwenyewe. Kiraka cha juu, kizima. Nikashuka vipandio viwili. Cha kati, kizima. Nikatoa fomu niandike, na ili nisianguke nikajishika kwenye ufa, juu kidogo ya kiraka.

Kidole changu kiliingia. Cha shahada, si kile kidogo, hadi kifundo cha pili.

Nikakitoa, nikakiingiza tena. Nikajaribu chini ya kiraka, vilevile. Nikabaki juu ya ngazi nikijiuliza: ufa umepanukaje, na kiraka kinachoufunga hakijapasuka?

Ndipo nikakitazama kiraka chenyewe. Wiki zote hizi nilikuwa nakitafutia mstari wa mpasuko tu, kama unavyotafuta chawa, huoni nywele. Leo nimekiona. Kingo zake zimenyooka. Uso wake ni laini kama sahani. Hakuna kitundu hata kimoja cha hewa. Alama ya kidole gumba changu haipo. Tarehe ni ileile, saba Machi, lakini imechorwa na mtu ambaye mkono wake hautetemeki.

Nilipanda tena juu, nikashuka tena chini. Vyote vitatu ni vya mkono huo.

Kwa hiyo vyangu vilipasuka. Labda vilipasuka wiki ile ya kwanza. Na kila vilipopasuka aliving'oa, akapaka vingine, akaandika tarehe yangu, kisha Ijumaa akanishikia ngazi nipande nikasome kazi yake na kuisaini. Angeweza kunidanganya hadi mvua ziishe kama angepaka vibaya kidogo tu. Vitundu viwili vya hewa, kingo zilizokatika, basi. Fundi Mkuu hakuweza. Mkono wake ulikataa.

Nilishuka. Mkewe aliniuliza, "Salama?" Nikasema salama. Kwenye fomu sikuandika kitu. Nilimwambia Mkaguzi mvua iliilowesha karatasi, na huo ni uongo, na nauandika humu ili angalau mahali pamoja pawe na ukweli.

Jumamosi, 29 Machi

Sijala vizuri. Nikisema, nimesema kwamba fomu zangu mbili zenye sahihi yangu si za kweli. Watasema Mjomba alileta mpwa asiyejua kazi. Na Mzee atapoteza ukuta wake kwa sababu yangu, yeye aliyenifundisha kukata tofali. Nisiposema, Jumatatu Mama atapita pale saa moja na robo na mfuko wake.

Na huenda nimekosea. Nani ataniamini kwamba kiraka ni kizuri mno?

Jumapili, 30 Machi

Mama alikuwa anafumua gauni la mteja. Nikamwuliza, kama kwa mchezo, iwapo mtu akifumua mshono wake na kushona upya kwa uzi uleule, angejua.

"Mshono wangu? Ningeujua hata nimefumba macho."

"Hata ulioshona vibaya?"

"Huo ndio nitaujua kwanza. Kizuri cha kwako unaweza kukichanganya na cha mwenzio. Kibaya cha kwako ni chako peke yako." Akaninyooshea sindano. "Haya, sema. Una siku mbili unatafuna tonge moja."

Nikamwambia yote. Hakunikatiza. Alitia uzi sindanoni, akasema, "Mjomba wako ni mtu mzima, atavumilia. Huyo mzee naye ni mtu mzima. Lakini watoto wa chekechea ni watoto."

Namshukuru Mungu kwa mama huyu.

Jumatatu, 31 Machi

Nilimwambia Mkaguzi kabla hajaketi, kwa sababu nilijua akiketi sitaweza. Nilisema nikitazama kalenda iliyo ukutani. Nilimwambia na ule uongo wa karatasi kulowa, na kwamba Mama hupita pale kila asubuhi.

Alivua miwani. Nilingoja kufukuzwa.

"Miaka ishirini na mbili," alisema, "naweka mashahidi. Wengine wamewavunja kwa nyundo, mmoja alipaka rangi juu yao. Hakuna aliyewahi kuwatengeneza." Akacheka hadi akakohoa, kisha akaacha ghafla. "Mama yako amepita pale leo?"

"Amezunguka."

"Vizuri. Chukua kamba."

Tumefunga uchochoro kwa kamba na kibao. Kwa neno langu anaweza kufunga njia. Kubomoa hawezi, hadi kamati ikae, maana kwenye faili kuna fomu mbili zinazosema ukuta hautembei. "Uliona wewe, ulisaini wewe," aliniambia. "Kwa hiyo kwenye kamati utasema wewe."

Mimi, ambaye miaka yote ya shule sikunyoosha mkono hata mara moja, hata nilipojua jibu.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Kamba imekatwa. Tumefunga nyingine.

Alhamisi, 3 Aprili

Kamba imekatwa tena. Muuza vitumbua mmoja aliniuliza kama mshahara wangu unalipwa kwa kilomita anazotembea yeye. Wenzake wakacheka. Nilifunga kamba ya tatu, mara hii kwa mafundo ya Mjomba, ambayo hayafunguki hata kwa meno.

Fundi Mkuu alikuwa amesimama mlangoni. Hakunitukana. Alinitazama tu, na mimi nikamtazama, na nikajua kwamba anajua.

"Mzee," nilisema, "viraka vyako ni vizuri sana."

Aliingia ndani, akafunga mlango.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimepaka kiraka juu ya tofali moja uani kwa ofisi, kwa saruji ileile, kama nilivyofanya siku ile. Kimetoka kibaya vilevile. Sikujifanya. Mkaguzi naye amekwenda kule na patasi, akaking'oa kiraka cha kati kizimakizima, mbele ya shahidi wa serikali ya mtaa. Kesho vyote viwili vitakuwa mezani.

Nimeshindwa hata kunywa chai.

Jumanne, 8 Aprili

Nimesema. Ngoja niandike yote kabla sijasahau.

Chumba cha kamati kina meza ndefu na feni isiyozunguka. Mwenyekiti na wajumbe wawili upande mmoja. Fundi Mkuu upande wa pili, amevaa koti, mkewe kando yake. Mjomba alisimama mlangoni akijifanya kungoja barua.

Mwenyekiti alisoma fomu zangu mbili kwa sauti, akaniuliza kama sahihi ni zangu. Nikasema ndiyo.

"Sauti, binti."

"Ndiyo. Sahihi ni zangu. Lakini viraka nilivyovisaini si vyangu."

Nikasema kuhusu ufa na kidole, kile kidogo na kile cha shahada. Nikasema kuhusu alama ya kidole gumba. Ilinichukua muda mrefu, na mara mbili nilipoteza neno na kulingoja lirudi, na hakuna aliyenikimbiza. Nawashukuru kwa hilo hata wale wajumbe.

Fundi Mkuu aliruhusiwa kuniuliza.

"Wewe binti. Unajua mwiko unashikwa vipi?"

"Sijui, mzee."

"Umewahi kupiga plasta kabla ya siku ile?"

"Hapana."

"Sasa hujui mwiko, hujui plasta, umejuaje kiraka hiki ni cha nani?"

"Ndiyo maana nimejua, mzee. Mimi siwezi kupaka hivyo."

Mjumbe mmoja alivuta vipande vyote viwili karibu, akavigeuza. "Mimi naona saruji tu," alisema. Mwenzake akasema hata yeye. Mwenyekiti aliwaangalia, kisha akamsogezea Fundi Mkuu vile vipande.

"Basi tumwulize anayejua. Mzee, hivi viwili vimepakwa na mkono mmoja?"

Hapo ndipo kila kitu kiliposimama. Alikuwa na neno moja tu la kusema. *Ndiyo.* Angesema ndiyo, angetoka pale na ukuta wake, na mimi ningebaki mwongo au mjinga. Wajumbe wawili kati ya watatu wangemwamini, walikuwa wameshasema wenyewe.

Alivaa miwani. Akakishika kiraka chake, akakipitisha kidole kwenye ukingo, polepole. Akakiweka. Akakishika changu. Uso wake ulikunjamana kama aliyeuma limau.

"Mwenyekiti, unaniuliza kama mwenye nyumba au kama fundi?"

"Kuna tofauti?"

"Ipo. Mwenye nyumba angekwambia ndiyo, ni mkono mmoja."

"Na fundi?"

Mkewe alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe.

"Fundi anakwambia kwamba mtoto huyu hawezi kupaka kiraka hiki hata azaliwe mara ya pili. Tazama hiki chake! Hiki si kiraka, hii ni ajali. Nimekipaka mimi. Nimekipaka mara tatu, maana kilipasuka mara tatu."

Mjomba alicheka mlangoni, akajifanya anakohoa. Kisha chumba kizima kikacheka, hata Mwenyekiti, hata mkewe Fundi, ingawa yeye alikuwa analia pia. Fundi Mkuu peke yake hakucheka. Alivua kofia.

"Unatembea," alisema. "Nimejua tangu mwaka jana. Naomba kitu kimoja: msiulete ule mtambo wa kusukuma. Niacheni niushushe mwenyewe, na vijana wangu."

Wamempa siku tano, bila faini kama atamaliza.

Mjomba amenisindikiza nyumbani. Njia nzima hakusema, yeye anayesema hadi na milango. Tulipofika alisema, "Umesema vizuri, mama." Mara hii nilimwambia ahsante machoni.

Jumatano, 9 Aprili

Nimelala hadi saa tatu kwa ruhusa ya Mkaguzi.

Ijumaa, 11 Aprili

"Vijana" wake ni wanaume wenye mvi, saba, wote walijifunza kwake. Wamekuja na ngazi zao, bila malipo. Wanautoa ukuta tofali moja moja kutoka juu, na anawafokea kana kwamba bado wana miaka kumi na sita. "Wewe! Hiyo nyota si kiazi!" "Shikamoo Fundi," wanamjibu, na kuendelea. Matofali ya nyota yamepangwa chini ya veranda juu ya magunia.

Jumapili, 13 Aprili

Wamefika kwenye msingi. Fundi Mkuu alinituma nimwite Mkaguzi, na kwa kuwa ni Jumapili tulikwenda wote wawili na nguo za nyumbani. Akatuonyesha. Maji ya bomba lililopasuka chini ya uchochoro yalikuwa yakipita pale, labda kwa miaka. Matofali ya chini yanasagika mkononi kama biskuti. Alilivunja moja kwa vidole viwili, kisha la pili.

"Huku sikuwa nimeona," alisema. Akarudia kwa sauti ndogo, "Huku sikuwa nimeona kabisa."

Mkaguzi hakusema chochote cha ofisi. Alimshika bega. Kisha akaandika kwamba bomba ni la manispaa, na kwamba manispaa nayo iletewe notisi. Atajiandikia mwenyewe kesho, na Mjomba ataipeleka kutoka chumba cha mwisho hadi chumba cha tatu, cha watu wa maji.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua kubwa kuliko zote. Ilianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na hadi saa moja mfereji ulikuwa umefurika. Nilikwenda na mwavuli kutazama. Maji yalikuwa yanapita palepale ulipokuwa msingi, kwa nguvu, yakichimba shimo la kuingia mtu hadi kiunoni. Kama ukuta ungekuwepo, ungekuwa chini. Nilitazama saa. Ilikuwa saa moja na dakika kumi na nane, saa za Mama kupita na mfuko wake. Sitaandika zaidi ya hapo.

Ijumaa, 18 Aprili

Bomba limezibwa na shimo limejazwa kokoto. Uchochoro umefunguliwa. Muuza vitumbua amenipa viwili bure, akasema nisizoee.

Jiko la mke wa Fundi sasa linatazama njia. Amekaa kizingitini, na kila anayepita anamsalimu naye anamwuliza habari za nyumbani hadi aishie kuchoka kusimama. Mumewe analalamika kwamba tangu juzi sukari haikai. Atajenga ukuta mpya kiangazi, wa kufika kiunoni tu. Mkewe ndiye aliyepima kimo.

Nilikuwa nimejiandaa tangu jana. Nilikwenda hadi alipokuwa, anasafisha matofali ya nyota kwa brashi ya waya, nikasema bila kutazama chini:

"Ahsante, mzee."

"Ya nini?"

"Kwa kusema kweli siku ile. Ungeweza kusema ndiyo."

"Sikusema kwa ajili yako." Alilipuliza tofali kuondoa vumbi. "Nilisema kwa ajili ya plasta."

"Basi naishukuru plasta."

Alinitazama, mdomo ameukaza ili asicheke. Kisha akasogea kidogo kwenye benchi, akanipa brashi ya pili, na tukasafisha nyota hadi mawingu yalipokusanyika.

Sasa ni saa kumi na mbili jioni, na mvua imeanza tena. Mama bado hajafika. Yuko njiani na mfuko wake, na najua anapita wapi. Nimebandika maji ya chai.